Siku ya Tatu Shika Jembe

Wadogo zangu, safari hii nimeandikiwa na wa TYCS, wa UKWATA na wa CASFETA pia, vyama vya wanafunzi Wakristo. Karibu barua zote zinauliza habari za mafungo ya wikendi pale Ndanda, kwenye abasia ya Wabenediktini, yale ya kuwaandaa wanafunzi wanaotaka kwenda kutumikia vijijini wakati wa likizo. Mmoja anataka kujua abebe nini. Mwingine anaogopa kwamba akipangwa kuhubiri sauti haitatoka. Wa tatu, binti wa kidato cha tatu, anauliza kama hamu aliyo nayo ya kwenda ni dalili kwamba Mungu anamtaka awe sista. Yupo pia wa Newala ambaye mama yake amemkatalia.

Nitawajibu nyote. Ila nimezisoma barua hizi zote na hakuna hata moja iliyouliza habari za watu mtakaofikia kwao. Mmeuliza nguo, nauli, mahubiri na wito. Yule mama wa kijijini atakayekupisha kitanda akalale na wanawe chini, atakayekukatia muhogo wake na kukuchotea maji aliyoyapandisha mlimani kichwani, hayumo. Mimi naona huyo ndiye wa kuanza naye. Kabla hujawa mtume kwa mtu, wewe ni mgeni wake.

Wazee wetu walishasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mafungo ya wikendi nayo yana siku tatu. Ijumaa jioni unapokelewa, Jumamosi unafundishwa na kusali. Jumapili, baada ya misa na chakula, usiondoke pale kabla hujaelewa jembe lako ni lipi na utalilima katika shamba la nani.

Mtashangaa jinsi habari ya wanafunzi na utume ilivyo ya zamani katika nchi hii yetu. Tarehe 4 Desemba 1857, Livingstone alisimama mbele ya wasomi wa chuo kikuu cha Cambridge kule Uingereza, akawaomba wasiiache kazi aliyoianza Afrika. Wakaitika wa Cambridge na Oxford, wakaungana nao wa Durham na Dublin, ndipo ikazaliwa misheni ya vyuo vikuu, UMCA, ambayo babu na bibi zetu Waanglikana wa Masasi wanaijua vizuri. Ari walikuwa nayo tele. Askofu wao wa kwanza, Charles Mackenzie, alifika upande wa mto Shire mwaka 1861. Mwezi Januari 1862 mtumbwi wake ulipinduka na dawa zote zikazama. Akashikwa na homa, na tarehe 31 mwezi huo huo akafa. Mwenzake Burrup aliyekuwa naye akafa pia wiki chache baadaye.

Sikutajii habari hizi ili uogope. Nakutajia kwa sababu wapo wanaoamini kwamba mtu wa imani hapangi mambo madogo. Panga, mdogo wangu. Kama una dawa unazotumia kila siku, zibebe za kutosha na umwambie mlezi. Ukianza kuhisi baridi na kichwa kuuma, usisubiri maombi ya jioni, nenda ukapime malaria. Chandarua kikunje kiingie kwenye begi. Nyanda zetu hizi, tangu bonde la Lukuledi hadi kule juu, mbu hawachagui aliyeokoka. Viatu viwe vya kutembelea mchanga, si vya kupigia picha. Wasichana, bebeni pedi za kutosha na kitenge cha ziada, kwa sababu duka la kijijini linaweza kuwa na sabuni na chumvi tu. Na Biblia yako iwe ya karatasi. Simu itazima.

Sasa nije kwenye maji, maana hapo ndipo wageni wengi wanapoharibu. Ninyi wa Masasi mjini na Ndanda mnaweza msijue. Ndanda iko chini ya mlima, chemchemi zinatoka, maji yanatiririka mwaka mzima. Kule juu kwenye uwanda wa Makonde, Newala na Tandahimba, udongo ni wa mchanga, mvua inanyesha na kuzama, na chemchemi ziko huku chini mabondeni. Mabibi zetu waliamka usiku wa manane wakashuka mtelemko na kuupanda tena na mtungi kichwani, kizazi baada ya kizazi. Mabomba yalianza kuyapandisha maji huko juu miaka ya 1950, lakini hadi leo vipo vijiji ambavyo ndoo moja ina thamani ambayo mtoto wa chini ya mlima haijui. Kwa hiyo ukipewa ndoo ya kuoga, oga kwa robo yake. Usifue suruali yako ya jinzi kwa maji ya kupikia ya mwenyeji. Asubuhi uliza wanachota wapi, chukua ndoo, ongozana na wasichana wa pale. Mkitembea njia ile mtazungumza mengi, na utajua nani anaumwa, nani ameacha shule, nani amefiwa. Ukifika jukwaani jioni utakuwa na la kusema kwa watu unaowajua angalau kwa majina.

Kijana wa kiume unayesoma hapa, usiruke aya hiyo. Ndoo haina jinsia.

Turudi kwenye historia kidogo, kwa sababu inanigusa na sitaki mwende Ndanda bila kuijua. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa UMCA alitoka pwani na kundi la watu waliokuwa wamekombolewa utumwani, akalenga kufika mbali zaidi, upande wa Ziwa Nyasa. Walipofika Masasi wakabaki. Waumini wa kwanza wa misheni ile hawakuwa Wazungu wenye kofia. Walikuwa Waafrika wenzetu waliotolewa katika nchi hizi hizi wakiwa wamefungwa minyororo, wakarudi wakiwa huru, wakakata miti na kujenga.

Na yupo mmoja ambaye ningependa jina lake lisomwe kwenye kila mafungo ya wanafunzi hapa kusini. Cecil Majaliwa alikuwa Myao, alichukuliwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa na kusomeshwa Kiungani, Zanzibar. Mwaka 1886 akapewa ushemasi na kutumwa Chitangali, upande wa Newala, kwa mkubwa wa Kiyao aliyeitwa Nakaam. Mwaka 1890 akapewa upadri, akawa Mwafrika wa kwanza kuwa padri katika misheni ya UMCA. Pale Chitangali alikaa hadi mwaka 1897. Hebu fikiria maana yake. Wazungu walipita mara chache, barua zilichelewa, naye alikuwa huko na mkewe Lucy, aliyesoma shule ya misheni ya Mbweni, Zanzibar, wakilea watoto, wakifundisha, wakiishi katika nchi ya Nakaam kwa ridhaa ya Nakaam. Miaka yote ile alikuwa mgeni aliyeshika jembe. Mnapoambiwa kwamba utume ulikuja na meli, mkumbukeni Majaliwa na Lucy. Lucy hasa, kwa sababu wanaoandika historia humtaja kwa haraka, na mimi siamini kwamba kazi ile ingesimama bila jiko lake na akili yake.

Sasa Ndanda yenyewe. Wabenediktini walikuwa na misheni Lukuledi na Nyangao, na zote mbili ziliangamizwa katika vita vya Maji Maji mwaka 1905. Mwaka uliofuata, 1906, wakaanza Ndanda. Utakapokaa katika kanisa la abasia Jumamosi alfajiri ukiwasikiliza wamonaki wakiimba zaburi, jua kwamba sala ile ilianza tena pale juu ya majivu na makaburi, ya wamisionari na ya watu wetu, ambao walikuwa wengi zaidi mno. Nawaomba msiipite habari hiyo kwa wimbo wa furaha. Kaeni nayo kimya. Mtu anayetaka kwenda kutumikia vijiji vya kusini lazima ajue kwamba babu wa mwenyeji wake anaweza kuwa alipigana upande wa pili, na alikuwa na sababu zake, zikiwemo kodi na kazi za kulazimishwa.

Hili la kimya nalirudia kwa sababu barua moja imelalamika kwamba mwaka jana "mafungo yalipoa, hakukuwa na muziki". Mdogo wangu, kwaya unayo shuleni kila wiki. Ukifika nyumba ya wamonaki, mkabidhi mlezi simu Ijumaa jioni uone itakavyokuwa. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, wanayoishi nayo tangu karne ya 6, inaagiza mgeni apokelewe kama Kristo mwenyewe. Wewe utakuwa mgeni huyo siku tatu. Angalia wanavyokupokea: nani anakuonyesha pa kulala, nani anakuwekea chakula, nani anaosha vyombo usivyomwona. Yale utakayoyaona jikoni kwao ndiyo darasa, pengine kuliko mada ya saa nne asubuhi. Maisha yao ni sala na kazi, hivyo mkipangiwa kufagia au kupalilia bustani, msione kwamba mnapotezewa muda wa kiroho.

Mkipata ruhusa, ombeni mlezi awapeleke hospitali ya Mtakatifu Benedikto, iliyo hapo hapo. Miaka ya 1920 alikuja Ndanda sista daktari kutoka Ujerumani, Thekla Stinnesbeck, Mbenediktini wa Tutzing, akatibu pale kwa miongo mingi, na kazi yake kubwa ilikuwa kwa kina mama na watoto wachanga. Alipoanza, mwanamke wa Kimwera au Kimakonde hakuwa na sababu ya kwenda kujifungulia mbele ya mgeni. Imani ile haikuja kwa hotuba, ilikuja mama mmoja baada ya mwingine, miaka na miaka. Upande wa Waanglikana alikuwepo Leader Stirling, daktari wa upasuaji aliyefika miaka ya 1930 na kutibu Lulindi katika majengo ya miti na udongo, baadaye akahamia kwa Wabenediktini kule Mnero, akachukua uraia wetu na kufikia kuwa Waziri wa Afya. Wote wawili walizeekea nchini kwetu. Wewe unakwenda wiki mbili. Kwa hiyo usiende na maneno ya mtu aliyekaa miaka 40.

Na hapo ndipo namjibu yule anayeogopa kuhubiri. Usihubiri. Nasema kweli. Ukipewa nafasi, simama useme jina lako, shule yako, kijiji cha wazazi wako, na jambo moja ambalo Mungu amekutendea, kisha ukae. Dakika tatu zinatosha. Kama Kimakonde au Kimakua chako ni cha salamu tu, toa hizo salamu, watu watafurahi. Halafu fanya yale mwanafunzi anayoyaweza na wengine hawayawezi: wasaidie watoto wa darasa la saba hesabu, msomee bibi barua ya mwanawe aliye Dar, mwandikie katekista orodha ya watoto wa kipaimara kwa mwandiko unaosomeka. Katekista wa kigango hutembea kwa miguu au baiskeli kati ya vijiji akibeba kanisa zima mabegani. Ukimpunguzia mzigo wiki mbili umefanya kitu.

Uliza pia kalenda ya kijiji. Mkienda msimu wa korosho, kuanzia Oktoba hivi, msiitishe mkutano saa tatu asubuhi mkakuta watoto na mbuzi mkasema kijiji kina mioyo migumu. Watu wako mashambani wanaokota korosho. Nendeni mkaokote nao. Inama chini ya mkorosho, tenga korosho na bibo, jaza ndoo, na utakapochoka kiuno ndipo utakapoelewa kwa nini baba mwenye nyumba anasinzia kwenye ibada ya jioni.

Kuna jambo jingine la kwetu ambalo mtoa mada kutoka mbali anaweza asiliguse. Newala na Masasi, nyumba moja ina Wakristo na Waislamu. Shangazi ni Asha, mjomba ni Yohana, na wote wanakula sinia moja. Mwenyeji wako anaweza kuwa Mwislamu aliyekubali kukulaza kwa sababu ya kuheshimu jirani yake. Usimtukanie dini yake, hata kwa mafumbo, hata kwenye wimbo. Ukiwa huko mwezi wa Ramadhani usile barazani mchana. Kukiwa na msiba, nenda ukabebe maji na kuni kama wengine. Akikuuliza habari za imani yako, mjibu kwa upole na ukweli. Asipokuuliza, unyenyekevu wako ameshauona.

Vivyo hivyo na mila. Usifike kijijini ukaanza kukemea ngoma za unyago na jando ulizozisikia kwa mbali. Askofu Vincent Lucas, wa kwanza wa Dayosisi ya Masasi iliyoanza mwaka 1926, alikaa na mapadri wa Kiafrika na wazee, wakaandaa jando la Kikristo badala ya kulipiga marufuku. Kwa wavulana lilishika. Kwa wasichana mambo hayakwenda vizuri hivyo, na mimi naona sababu haiko mbali: mambo ya wanawake yanajulikana na wanawake, na wao hawakuwa na kiti katika mikutano ile. Ukikuta jambo katika unyago linalomuumiza mtoto au kumkatisha shule, mwambie mlezi wako na mwalimu, usinyamaze. Lakini anza kwa kumsikiliza somo, yule mwanamke anayewafunda. Anajua mengi kuhusu wasichana wale kuliko wewe na kipaza sauti chako.

Sasa wasichana, sogeeni. Haya sitayazungushia maneno. Hakuna maombi yanayohitaji uwe peke yako usiku, chumbani, na kiongozi wa kiume, awe kaka wa fellowship, mwalimu, mwinjilisti au mtu wa cheo kikubwa zaidi. Hakuna. Akikuita hivyo, sema unamwita mwenzako kwanza, na uende kumwita kweli. Akikasirika, umeshapata jibu. Mwambie sista au mama mlezi usiku huo huo, hata kama huna uhakika. Tembeeni wawili wawili, kama Bwana alivyowatuma wale wa kwanza. Na wavulana, ninyi pia yanaweza kuwakuta, semeni vile vile.

Halafu kuna yule atakayekufuata Jumamosi jioni, baada ya maombi marefu, macho yamelowa, akuambie ameonyeshwa kuwa wewe ndiye mke wake. Mwambie Mungu anayo namba yako pia. Kama ni kweli atakuonyesha na wewe, na atasubiri umalize kidato cha sita. Sisemi kupendana ni dhambi. Nasema usiku wa mafungo si saa ya kuahidiana, kwa sababu wote mmechoka, mmelia, na mko mbali na nyumbani.

Hilo linanileta kwa binti wa kidato cha tatu. Mdogo wangu, hamu yako ni njema na usiidharau. Inaweza kuwa wito wa utawa. Inaweza kuwa wito wa uuguzi, ualimu, au wa kuwa mama katika nyumba inayosali. Usiamue Jumamosi usiku. Andika kwenye daftari ulichokisikia, na tarehe, kisha kisome tena baada ya miezi mitatu ukiwa na mtihani wa kemia mbele yako. Kama bado kinawaka, zungumza na sista unayemwamini. Ndanda wapo wa Tutzing. Kwa Waanglikana lipo shirika la Kilimani, Masasi, la Mtakatifu Maria wa Nazareti na Kalvari, lililoanzishwa mwaka 1946. Waombe ukakae nao siku chache uone saa wanazoamka. Majaliwa alikaa miaka minne kati ya ushemasi na upadri, na kabla ya hapo alikuwa na miaka ya shule. Hakuna shirika la maana litakalokukimbiza. Wewe maliza shule.

Jingine ni kuondoka. Trevor Huddleston, yule aliyepambana na ubaguzi wa rangi Afrika Kusini, alikuwa Askofu wa Masasi tangu mwaka 1960, na mwaka 1968 akaondoka kwa kuwa aliona kiti kile kinafaa kukaliwa na Mwafrika. Alipendwa, na bado akaondoka. Ninyi mnapoondoka kijijini baada ya wiki mbili, msiahidi msichokiweza. Usimwambie mtoto utamsomesha. Usiwaambie wazee mtarudi na bati za kanisa. Aga nyumba kwa nyumba, rudisha kitanda, ndoo na mkeka vikiwa safi, shukuru kwa jina. Mkirudi mwakani, mtaulizwa habari za wazazi wenu, na hapo mtajua mlipokelewa kweli.

Nimebakiza wewe wa Newala ambaye mama amekukatalia. Umeniandikia kwamba unataka kutoroka kwa sababu ni lazima kumtii Mungu kuliko wanadamu. Usitoroke, mdogo wangu. Mama anayekatalia mara nyingi ana swali ambalo hajajibiwa: nani atawalea, mtalala wapi, nauli itatoka wapi, nani atapika nyumbani usipokuwepo. Mwombe mlezi wenu aje nyumbani kwa miguu yake amweleze, aache na namba ya simu. Wewe wiki hii amka kabla yake, chota maji, washa moto. Fanya hivyo bila kutaja mafungo. Halafu Jumapili jioni keti karibu naye, umuulize anaogopa nini, na umsikilize hadi amalize. Akikubali, nenda. Akikataa tena, baki mwaka huu, omba nafasi ya kufundisha watoto Jumapili kwenye kigango chenu, na uniandikie unieleze walikuja wangapi.